Sauti ya Mtangazaji na Kauli ya Shirika: Maoni ya Kisiasa katika Utangazaji wa Michezo Uingereza na Marekani

1.0 Utangulizi

Usiku wa Jumamosi, tarehe 11 Machi 2023, televisheni ya BBC ya Uingereza ilionyesha kipindi chake mashuhuri cha kandanda, Match of the Day, kwa namna ambayo watazamaji hawakuwa wameizoea tangu kipindi hicho kilipoanzishwa mwaka 1964. Hapakuwa na muziki wa ufunguzi, wala mwongozaji wa kipindi, wala wachambuzi, wala mtangazaji wa kusimulia mchezo. Kwa dakika 20 hivi yalionekana mabao na kusikika kelele za mashabiki viwanjani, basi. Mwongozaji wa kipindi, Gary Lineker, alikuwa amewekwa kando siku moja kabla kwa sababu ya maneno machache aliyoyaandika katika Twitter kuhusu sera ya serikali juu ya watu wanaoomba hifadhi. Wachambuzi wenzake, Ian Wright na Alan Shearer, walikataa kufika studio bila yeye, na watangazaji wa mechi nao wakajitoa. Vipindi vingine vya michezo vya siku hiyo, kikiwemo Football Focus, viliondolewa hewani kabisa.

Tukio hili limejadiliwa sana kama suala la uhuru wa kusema. Mjadala wa namna hiyo ni halali, lakini unaacha swali moja ambalo wanafunzi wa lugha na mawasiliano hawawezi kulipuuza: mtangazaji wa michezo anapozungumza, ni nani hasa anayesema? Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba kanuni ambazo mashirika ya utangazaji huziita kanuni za kutochanganya michezo na siasa ni, kwa kiasi kikubwa, kanuni za umiliki wa kauli. Mashirika hayo hununua nafsi ya mtangazaji, huifanya kuwa bidhaa, kisha hushtuka nafsi hiyo inapotamka jambo ambalo shirika halikulinunua. Siasa yenyewe huwa ndani ya matangazo ya michezo siku zote, na mara nyingi kwa ridhaa ya shirika.

Mashirika mawili yatachunguzwa: BBC, ambayo huendeshwa kwa ada ya leseni inayolipwa na wananchi, na ESPN ya Marekani, kampuni ya kibiashara ambayo sehemu yake kubwa inamilikiwa na Disney. Tofauti ya mapato yao ndiyo inayofanya ulinganishi uwe na faida, kwani kila moja humwogopa bwana wake.

2.0 Mtoa Sauti, Mtunzi na Mwenye Kauli

Erving Goffman, katika kitabu chake Forms of Talk (1981), anaivunja dhana ya msemaji katika sehemu tatu. Yupo anayetoa sauti, yaani yule ambaye kinywa chake kinatamka maneno. Yupo mtunzi, aliyechagua maneno hayo na kuyapanga. Na yupo mwenye kauli, ambaye msimamo wake ndio unaowakilishwa na maneno yale na ambaye atadaiwa endapo yataleta madhara. Katika mazungumzo ya kawaida mtu mmoja hubeba nafasi zote tatu. Katika utangazaji hugawanyika, na si ajabu kwamba Goffman ametenga sura nzima ya kitabu hicho kwa lugha ya redio.

Msomaji wa taarifa ya habari ni mfano rahisi. Yeye ni mtoa sauti. Mtunzi ni chumba cha habari. Mwenye kauli ni shirika. Hakuna msikilizaji anayemgombeza msomaji kwa sababu bei ya mafuta imepanda. Mtangazaji anayesimulia mpira moja kwa moja yuko mahali pengine. Hana karatasi mbele yake, kwa hiyo ni mtunzi wa papo kwa papo, na msikilizaji wa Kiswahili, ambaye humtambua mtangazaji wa kandanda kwa misemo yake kabla jina halijatajwa, anajua jinsi utunzi huo unavyoweza kuwa sanaa inayojitegemea. Lakini kauli bado si yake peke yake, kwa kuwa anasimulia kilicho mbele ya macho ya wote.

Mchambuzi na mwongozaji wa kipindi ndio wenye utata. Hawa wameajiriwa ili wawe na kauli. Mchambuzi asiye na msimamo juu ya penalti iliyotolewa, kocha anayestahili kufukuzwa au mwamuzi aliyekosea hana kazi. Thamani yake sokoni inatokana na imani ya watazamaji kwamba anasema anachokiamini yeye, kwa uzoefu wa maisha yake uwanjani. Katika mwaka wa fedha wa 2022/23 BBC ilimlipa Lineker takriban pauni milioni 1.35, kiwango cha juu kuliko cha mtangazaji yeyote mwingine katika orodha iliyotangazwa na shirika hilo. Fedha hizo hazikulipwa kwa ajili ya kusoma matokeo. Zililipwa kwa ajili ya Lineker.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Nafsi iliyonunuliwa kwa sababu ina maoni haiwezi kuamriwa iwe na maoni kwa dakika 90 na kuyapoteza saa ya kwenda nyumbani. Mitandao ya kijamii imelikuza tatizo hili, ingawa haikulizaa, kwa kuwa imeziweka sauti ya kazini na sauti ya nyumbani katika akaunti moja, chini ya jina moja na picha moja.

3.0 BBC: Kauli Iliyoagizwa na Kauli Iliyokatazwa

Kwa mujibu wa Hati yake ya Kifalme, BBC inatakiwa kutoegemea upande wowote. Mwezi Septemba 2020, mara baada ya kushika wadhifa, Mkurugenzi Mkuu Tim Davie aliwaeleza wafanyakazi kwamba anayetaka kuwa mwanaharakati wa upande mmoja katika mitandao ya kijamii ana haki ya kuchagua hivyo, ila hapaswi kuwa mfanyakazi wa BBC. Kanuni mpya zilitolewa mwezi uliofuata. Zilikuwa wazi kwa waandishi wa habari. Kwa watangazaji wa michezo na burudani zilikuwa na ukungu. Lineker, zaidi ya hayo, hakuwa mwajiriwa wa kudumu bali alifanya kazi kwa mkataba wa kujitegemea, jambo lililozidisha ukungu huo. Mwezi Oktoba 2022 kitengo cha malalamiko cha shirika kiliamua kwamba alikuwa amevunja kanuni alipouliza, katika Twitter, kama chama tawala cha Conservative kingerudisha michango ya wafadhili wa Kirusi.

Mwezi mmoja tu baadaye likatokea jambo ambalo wachambuzi wa kisa hiki hawana budi kulitilia maanani. Tarehe 20 Novemba 2022 Kombe la Dunia lilifunguliwa nchini Qatar. BBC One haikuonyesha sherehe za ufunguzi. Iliziacha kwa wale waliotaka kuzitafuta kwingine katika huduma za shirika. Badala yake, kipindi kilianza kwa Lineker kuwaeleza watazamaji, moja kwa moja na kwa uso mkavu, kuhusu tuhuma za rushwa katika kupatikana kwa wenyeji wa mashindano, vifo na mateso ya wafanyakazi wahamiaji waliojenga viwanja, sheria zinazoharamisha mapenzi ya jinsia moja, na hali ya haki za wanawake na uhuru wa kusema. Hakuna tafsiri yoyote ya neno siasa ambayo inaweza kuyaacha nje maneno hayo. Hata hivyo hakuadhibiwa. BBC iliwatetea waandaaji wake.

Tukirudi kwenye nafasi tatu za Goffman, sababu inaonekana mara moja. Katika hotuba ya Qatar, Lineker alikuwa mtoa sauti, na mwenye kauli alikuwa BBC. Shirika lilikuwa limeitaka kauli ile, limeipanga na kuilinda. Na iliyolengwa ilikuwa serikali ya nchi nyingine, isiyo na uwezo wa kugusa ada ya leseni.

Tarehe 7 Machi 2023 mambo yalikuwa kinyume. Siku hiyo Waziri wa Mambo ya Ndani, Suella Braverman, alitangaza muswada wa kuwazuia wanaoingia Uingereza kwa mashua ndogo wasipate hifadhi. Lineker aliandika kwamba hapakuwa na wimbi kubwa la watu, kwamba nchi nyingine kubwa za Ulaya zilipokea wakimbizi wengi kuliko Uingereza, na kwamba sera ile ilikuwa ya kikatili kupindukia na ilielezwa kwa lugha isiyo mbali na ile ya Ujerumani ya miaka ya 1930. Ikumbukwe kuwa sentensi ya mwisho, ile iliyowasha moto, ilikuwa hoja juu ya lugha. Lineker alikuwa akihakiki msamiati wa waziri. Ulinganishi wake na Ujerumani unaweza kupingwa, na ulipingwa vikali na watu wa heshima, lakini uhakiki wa msamiati wa watawala ni kazi ambayo idara za lugha huwafundisha wanafunzi wake kila mwaka.

Tangazo la BBC la tarehe 10 Machi linafaa kusomwa kwa makini na mtu yeyote anayeijua sarufi ya Kiswahili. Lilieleza kwamba shirika limeamua kuwa Lineker atajiweka kando hadi yapatikane makubaliano juu ya matumizi yake ya mitandao ya kijamii. Kitenzi cha Kiingereza kilichotumika huficha kitu ambacho kiambishi -ji- cha Kiswahili hukifichua. Mtendaji wa kujiweka kando ni mtu mwenyewe. Mwamuzi, kwa mujibu wa tangazo, ni mwingine. Huwezi kuamua kwa niaba ya mtu kwamba amejiweka. Ama amejiweka, ama amewekwa. Tangazo lilitaka vyote viwili: mamlaka ya kuadhibu na sura ya kutoadhibu. Upande wa Lineker ulieleza bila kificho kwamba hakuwa amejiondoa.

Siku tatu baadaye shirika lilirudi nyuma. Davie aliomba radhi kwa usumbufu, Lineker akarejeshwa, na mapitio ya kanuni yakakabidhiwa kwa John Hardie, aliyewahi kuwa mtendaji mkuu wa ITN. Watazamaji wa kile kipindi cha kimya walifikia takriban milioni 2.6, nusu milioni hivi zaidi ya wiki iliyotangulia, ingawa si busara kudhani kuwa wote walivutiwa na kukosekana kwa maneno. Udadisi nao una watazamaji wake. Lililowaumiza viongozi wa BBC zaidi lilikuwa swali lililorudi tena na tena kuhusu mwenyekiti wao, Richard Sharp, aliyekuwa mchangiaji wa chama cha Conservative na ambaye alikuwa akichunguzwa kwa kuhusika katika mipango ya mkopo wa Waziri Mkuu wa zamani, Boris Johnson. Kama mwongozaji wa kipindi cha kandanda hakutakiwa kuonekana ana upande, mwenyekiti je? Sharp alijiuzulu mwishoni mwa Aprili 2023.

Kanuni zilizotokana na mapitio hayo zilitangazwa Septemba 2023. Kwa mara ya kwanza ziliunda kundi maalumu la waongozaji wa vipindi vikuu visivyo vya habari. Hawa waliruhusiwa kueleza maoni juu ya masuala na sera, hata zenye utata wa kisiasa. Walikatazwa kuunga mkono au kushambulia chama, kuwashambulia wanasiasa kwa tabia zao binafsi, kuzungumzia masuala ya mjadala wa kisiasa wakati wa uchaguzi, na kushika nyadhifa katika vikundi vya kampeni. Makatazo hayo yangetumika katika msimu wa kipindi cha mhusika, pamoja na wiki mbili kabla na wiki mbili baada yake.

Sharti la wiki mbili linastahili kutazamwa mara mbili. Kama tatizo lingekuwa maoni yenyewe, tarehe isingekuwa na maana. Maoni ya kuudhi mwezi Mei yanaudhi pia mwezi Julai. Sharti hilo lina mantiki pale tu linaposomwa kama mkataba wa kukodi. Katika msimu, nafsi ya mwongozaji imekodiwa, na kauli yake inahesabiwa kuwa ya mpangaji. Msimu ukiisha, mwenye nafsi hurudishiwa funguo.

Kisa hakikuishia hapo. Lineker alikwisha kukubaliana na shirika kuacha Match of the Day mwishoni mwa msimu wa 2024/25, lakini aendelee na Kombe la FA na Kombe la Dunia la 2026. Mwezi Mei 2025 alisambaza katika Instagram video iliyoupinga Uzayuni, ikiwa na mchoro wa panya, ishara ambayo propaganda ya Kinazi iliitumia dhidi ya Wayahudi. Aliifuta, akaomba radhi na kusema hakuwa ameuona mchoro huo. Tarehe 19 Mei ilitangazwa kwamba angeondoka kabisa. Hapa hoja ya umiliki wa kauli haitoshi peke yake, na ni haki kukiri hivyo: ishara ile ingelizua shutuma kwa mtu yeyote, awe ana mkataba au hana. Yapo maneno ambayo ubaya wake hautegemei ni nani aliyekodi kinywa.

4.0 ESPN: Bwana Mwingine

ESPN haina hati ya kifalme wala wajibu wa kisheria wa kutoegemea upande. Aidha, kinga ya uhuru wa kusema iliyomo katika Katiba ya Marekani huifunga serikali na haimfungi mwajiri binafsi. Kampuni hiyo ingeweza basi kuwa na upande wowote iutakao. Historia yake yaonyesha kuwa ilijaribu kuuza maoni pale yalipoleta watazamaji na kuyakana pale yalipoleta hasara.

Mwaka 2003 ilimwajiri Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio aliyekuwa sauti kuu ya mrengo wa kulia, katika kipindi chake cha Jumapili cha futiboli ya Kimarekani. Mwishoni mwa Septemba Limbaugh alidai kwamba mchezaji Mweusi Donovan McNabb, aliyeongoza mashambulizi ya Philadelphia Eagles, alisifiwa kupita uwezo wake kwa sababu vyombo vya habari vilitamani kuona Mweusi akifaulu katika nafasi ile. Alijiuzulu siku chache baadaye. Waliomwajiri walijua fika alivyokuwa akizungumza kwa miaka mingi redioni.

Curt Schilling, mrushaji mpira mashuhuri wa zamani wa besiboli, alisimamishwa mwaka 2015 kwa kusambaza ujumbe uliowalinganisha Waislamu wenye msimamo mkali na Wanazi. Aprili 2016 alifukuzwa kwa kusambaza ujumbe mwingine uliowakejeli watu waliobadili jinsia. Wahafidhina walihoji iwapo mwenye maoni ya mrengo wa kushoto angelitendewa vivyo hivyo. Jibu lilikuja mwaka uliofuata, nalo halikumridhisha mtu yeyote.

Tarehe 11 Septemba 2017 Jemele Hill, mwanamke Mweusi aliyekuwa mwongozaji mwenza wa toleo la saa kumi na mbili jioni la SportsCenter, aliandika katika Twitter kwamba Rais Donald Trump ni mfuasi wa itikadi ya ukuu wa watu weupe. Kampuni ilitoa tamko la kusema kuwa maneno yale hayawakilishi msimamo wake. Msemaji wa Ikulu, Sarah Huckabee Sanders, alieleza mbele ya waandishi kwamba kosa la namna ile linastahili kufukuzwa kazi. Hill hakufukuzwa wala hakusimamishwa.

Wiki nne baadaye, Jerry Jones, mmiliki wa Dallas Cowboys, alisema kwamba mchezaji wake yeyote atakayeivunjia heshima bendera hatacheza. Wakati huo wachezaji kadhaa walikuwa wakipiga goti wakati wa wimbo wa taifa, wakiendeleza upinzani dhidi ya ukatili wa polisi ulioanzishwa na Colin Kaepernick mwaka 2016. Hill aliandika kwamba wasiokubaliana na Jones wasiwatwishe wachezaji mzigo wote. Waziangalie kampuni zinazoweka matangazo yao ya biashara kwake. Tarehe 9 Oktoba alisimamishwa kwa wiki mbili.

Mpangilio wa matukio haya mawili una funzo kuliko tamko lolote la kampuni. Kumwita Rais wa nchi mbaguzi wa rangi kulikuwa jambo la kuonywa. Kuwaelekeza watazamaji kwenye mifuko ya wenye matangazo kulikuwa jambo la kuadhibiwa. Ni kweli kwamba kampuni ilieleza kuwa hilo lilikuwa kosa la pili, na maelezo hayo yasipuuzwe. Lakini ni vigumu kuyasoma bila kukumbuka kwamba wakati huo ESPN ilikuwa ikiilipa ligi ya NFL takriban dola bilioni 1.9 kwa mwaka kwa haki ya kuonyesha mechi za Jumatatu usiku, na kwamba wenye matangazo katika mechi za Cowboys walikuwa pia wateja wake. Rais hakuwa mteja.

Kulikuwa na hofu nyingine nyuma ya pazia. ESPN iliyokuwa ikipokewa katika nyumba milioni 100 mwaka 2011 ilikuwa imeshuka chini ya milioni 90 mwaka 2017. Wakosoaji waliitaja siasa kuwa ndiyo chanzo. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba wateja walikuwa wakiachana na huduma za kebo kwa ujumla, wakizipoteza pamoja na ESPN hata kampuni ambazo hazikutamka neno moja la siasa. Hata hivyo, Jimmy Pitaro alipoichukua ESPN mwaka 2018 kutoka kwa John Skipper, alieleza kwamba takwimu za kampuni zilionyesha mashabiki hawataki siasa. Hill aliondoka mwaka huo huo. Julai 2019 Dan Le Batard aliikosoa hewani sera ya mwajiri wake, baada ya umati katika mkutano wa Trump kupaza sauti ukitaka mbunge Mmarekani aliyezaliwa Somalia arudishwe alikotoka. Le Batard mwenyewe ni mtoto wa wahamiaji kutoka Cuba. Kwake suala hili halikuwa siasa ya vyama. Lilikuwa suala la nyumbani kwao. Aliondoka Januari 2021.

Sera hiyo haikuwa na nguvu pale wachezaji wenyewe walipogeuka kuwa habari. Tarehe 26 Agosti 2020 timu ya Milwaukee Bucks ilikataa kuingia uwanjani baada ya polisi kumpiga risasi Jacob Blake huko Wisconsin. Jioni hiyo, katika kituo shindani cha TNT, mchambuzi Kenny Smith alivua kipaza sauti chake akatoka studio matangazo yakiendelea, akieleza kuwa yeye kama Mweusi na mchezaji wa zamani anaona afadhali awaunge mkono wachezaji. Hakuna aliyemwadhibu. Siku hiyo kauli yake ilikuwa imekubaliwa na ligi nzima, na kwa hiyo haikuitwa siasa.

5.0 Siasa Isiyoitwa Siasa

Neno siasa, ambalo Kiswahili kililichukua kutoka Kiarabu, hubeba pia maana ya kutenda jambo kwa upole na hadhari. Maana hiyo ya kale ndiyo inayoyafaa zaidi mashirika ya utangazaji kuliko maana ya sasa: yanatenda kwa siasa ili yasiseme siasa. Tatizo ni kwamba uamuzi wa kipi kiitwe hivyo hufanywa kimyakimya, na mara nyingi kilichozoeleka hakiitwi.

Mfano wa wazi ulitokea mwaka 1970. Tarehe 31 Oktoba kampuni ya ABC ilikuwa ikionyesha mechi ya futiboli baina ya vyuo vya Buffalo na Holy Cross. Wakati wa mapumziko bendi ya Buffalo ilikuwa imeandaa onyesho kuhusu vita, ubaguzi wa rangi na uchafuzi wa mazingira. ABC ilikataa kulionyesha kwa hoja kwamba ni la kisiasa. Majuma machache baadaye, katika mechi ya timu za Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Maji, kampuni hiyo hiyo ilionyesha katika mapumziko heshima waliyopewa makomando walioshambulia kambi ya mateka ya Son Tay huko Vietnam ya Kaskazini. Vita ilikuwa moja. Kuipinga kuliitwa siasa. Kuisifu kuliitwa mapumziko.

Mambo hayo hayajabadilika sana. Mwaka 2015 ripoti ya maseneta John McCain na Jeff Flake ilifichua kwamba Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa imezilipa timu za michezo kwa baadhi ya zile sherehe za kuwaenzi wanajeshi ambazo watazamaji walidhani ni za hiari. Katika istilahi za Goffman, mashabiki walikuwa wamepewa mtoa sauti bila kuonyeshwa mwenye kauli. Hata wimbo wa taifa una historia yake ya kuonekana na kutoonekana. Kwa kawaida televisheni za Marekani hazikuwa zikiuonyesha katika mechi za ligi za kila wiki. Septemba 2017, Trump alipowashambulia wachezaji waliopiga goti, vituo viliuonyesha kwa wingi. Agosti 2018 Pitaro alitangaza kwamba ESPN itarudia desturi ya zamani ya kutouonyesha katika mechi za Jumatatu, na Trump akailalamikia hadharani. Kuonyesha kulikuwa siasa. Kutoonyesha kukawa siasa pia. Shirika lililodhani kwamba kimya ni mahali pasipo na upande liligundua kuwa hata kimya kina wasomaji wake.

Msomaji wa Afrika Mashariki atalitambua jambo hili haraka. Wito wa kutochanganya michezo na siasa umesikika mara nyingi katika Kiswahili, lakini katika nchi hizi mipaka hiyo haikuwahi kuwa thabiti. Tanzania ilikataa kwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kwa kuwa New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika ya makaburu, iliruhusiwa kushiriki. Aliyelitangaza jambo hilo redioni wakati huo alikuwa msemaji wa kauli ya taifa, na hakuna aliyemwambia kwamba amevuka mpaka wa kazi yake.

6.0 Sauti Iliyokodishwa

Katika miaka ya karibuni mashirika yameanza kulitatua tatizo la mwenye kauli kwa njia ya mikataba badala ya kanuni za maadili. Mwaka 2023 ESPN iliinunua leseni ya kipindi cha Pat McAfee bila kukinunua kipindi chenyewe. Kampuni ya McAfee ndiyo inayokitengeneza na yenye uamuzi wa mwisho juu ya maudhui yake. Mgeni anapotamka hewani jambo lenye kuudhi, shirika linaweza kusema, kwa haki ya kisheria angalau, kwamba lilikodi dirisha tu. Kuanzia msimu wa 2025/26 njia hiyo hiyo imetumika kwa Inside the NBA, kipindi kinachoendelea kutengenezwa na TNT huku kikionyeshwa na ESPN na ABC.

Watangazaji nao wamejifunza upande wao wa biashara. Le Batard na Skipper, yule yule aliyekuwa kiongozi wa ESPN wakati Hill aliposimamishwa, walianzisha pamoja kampuni ya Meadowlark Media mwaka 2021. Goalhanger, kampuni ambayo Lineker ni mmoja wa waasisi wake, hutengeneza kipindi cha sauti cha The Rest Is Football pamoja na kile cha The Rest Is Politics, kila kimoja kwa jina lake na kwa wasikilizaji wake. Kandanda huku, siasa kule, na faida katika daftari moja. Kilichotenganishwa hapo ni vipindi. Mmiliki ni yule yule, na hana shirika la kuulizwa kwamba ni nani aliyesema.